Bi Halima alipokosa maziwa

Hapa Mkongani mama akikosa maziwa hunong'ona, utadhani kaiba. Bi Halima Saadia hakuficha. Vitabu vya sira vimehifadhi kisa chake: mwaka wa ukame, kifua kikavu, ngamia mzee hatoi hata tone, na mwanawe Abdullah akilia njaa usiku kucha, nyumba nzima hailali.

Makka, wanyonyeshaji wenzake walimkataa yatima wa Bi Amina. Baba wa kuwalipa hayupo. Halima naye alimwacha kwanza. Alimrudia kwa kuwa hakupata mwingine. Maziwa yakaja, watoto wote wawili wakashiba, wakalala. Alimnyonyesha Mtume (S.A.W.) miaka miwili. Kabla yake alinyonyesha Thuwaiba. Kwa watu wa Makka ilikuwa ada. Bi Amina hakuulizwa kwa nini.