Al-Biruni

Abu Rayhan Muhammad ibn Ahmad al-Biruni (Kath, Khwarezm, 973 – Ghazni, takriban 1048) alikuwa mtaalamu wa hisabati, astronomia, jiografia na historia kutoka Asia ya Kati. Anakumbukwa, pamoja na mengine, kwa kukokotoa namba kubwa ya sataranji, na kwa habari zake za biashara ya Bahari Hindi hadi Sofala, bandari iliyokuja kuwa chini ya Kilwa.

Maisha

Kath iko leo nchini Uzbekistan. Mwaka 995 vita vya kugombania utawala vilimlazimisha kukimbia kwao. Mnamo mwaka 1000, akiwa kwa mtawala Qabus wa Gurgan karibu na Bahari Kaspi, aliandika kitabu kuhusu kalenda za mataifa mbalimbali. Baadaye alirudi Khwarezm, lakini mwaka 1017 Sultani Mahmud wa Ghazni aliiteka nchi hiyo akamchukua hadi Ghazni, katika Afghanistan ya leo. Alijifunza Kisanskrit na kuandika kitabu kikubwa juu ya Uhindi.

Namba ya sataranji

Katika hekaya mashuhuri, mbunifu wa sataranji aliomba zawadi ya punje 1 ya nafaka kwa mraba wa kwanza wa ubao, 2 kwa wa pili, 4 kwa wa tatu, na kuendelea hivyo hadi mraba wa 64. Idadi hiyo ya miraba ni sawa na idadi ya kete za bao la Kiswahili.

Katika kitabu chake cha kalenda, al-Biruni alionyesha njia ya mkato ya kupata jumla. Miraba mitatu ya kwanza ina punje 7, yaani moja pungufu ya mraba wa nne wenye 8. Ndivyo ilivyo hadi mwisho. Kwa hiyo inatosha kupata thamani ya mraba wa 65 na kutoa 1. Mraba wa tano una 16. Namba hii ikizidishwa kwa yenyewe hutoa 256, ambayo ni thamani ya mraba wa 9. Kisha 65,536 katika mraba wa 17. Kisha 4,294,967,296 katika mraba wa 33. Kuzidisha kwa mara ya nne hufikisha mraba wa 65. Jumla ni 18,446,744,073,709,551,615.

Kosa dogo katika hatua yoyote lingeharibu jibu lote, lakini namba yake ni sahihi hadi tarakimu ya mwisho. Vigawo vyake tasa ni 3, 5, 17, 257, 641, 65,537 na 6,700,417. Leo ndiyo namba nzima kubwa kabisa inayoweza kuandikwa kwa biti 64 katika kompyuta.

Habari za Afrika ya Mashariki

Katika kitabu chake juu ya Uhindi alitaja bandari ya Somnath kuwa kituo cha mabaharia waliosafiri kati ya Sofala, katika nchi ya Wazanji, na China. Sofala iko leo nchini Msumbiji. Karne chache baadaye dhahabu yake ilipitia Kilwa Kisiwani na kuutajirisha mji huo.