MGONJWA ALIYERUDISHWA PWANI

Kijana wa Geita na Shinyanga, umewahi kulala na malaria pale machimboni mpaka wenzako wakakata tamaa? Basi soma habari hii.

Alexander Mackay alizaliwa Scotland mwaka 1849, akawa fundi wa mitambo. Mwaka 1876 alisafiri na wamisionari wenzake kwenda Uganda. Njiani homa ikamshika vibaya, akaambiwa arudi pwani. Wenzake wakaendelea bila yeye.

Kumbe! Mwaka 1877 watatu kati yao walikufa. Daktari Smith aliugua akafia Kagei, kusini mwa ziwa. Wawili waliuawa Ukerewe. Yule mgonjwa akabaki hai!

Alipopata nafuu hakukaa kujihurumia. Mwaka huohuo alifyeka njia kutoka Saadani hadi Mpwapwa, kama kilomita 370. Mwaka 1878 akafika Uganda. Homa zilimrudia, lakini aliinuka tena, akachapa Injili kwa Kiganda na kufundisha vijana kazi za mikono. Mwaka 1887 alifukuzwa na Kabaka Mwanga, akahamia Usambiro, upande wetu huu wa ziwa. Hapo ndipo malaria ilipomwua Februari 1890, akiwa na miaka 40.

Kijana, wewe una bahati. Leo kipimo kipo, dawa ipo. Ukiona homa wahi hospitali, na dozi uimalize. Halafu jiulize: baada ya kupona, siku ulizoongezewa unazipeleka wapi? Kwenye pombe? Mackay aliongezewa miaka 13, akampa Mungu yote. Mpe Yesu zako, leo hii!