Janusz Korczak: Daktari aliyekataa kuwaacha watoto wake

Hebu fikiria hivi. Una miaka 12, unaishi kwenye makao ya mayatima, na mkubwa wa makao amekukosea. Utafanya nini? Wengi wetu tungenyamaza tu. Lakini kwa Janusz Korczak ungempeleka kortini, na majaji wangekuwa watoto wenzako. Si mzaha, yeye mwenyewe alishtakiwa zaidi ya mara moja!

Jina lake halisi lilikuwa Henryk Goldszmit, Myahudi wa Warsaw, Poland. Baba yake aliugua akili, akafariki Henryk akiwa bado shuleni. Ikabidi kijana afundishe tuisheni ili nyumbani kupatikane chakula. Baadaye akasomea udaktari wa watoto, huku akiandika vitabu kwa jina la Korczak.

Angeweza kutafuta pesa zake, lakini mwaka wa 1912 akafungua makao ya mayatima wa Kiyahudi katika barabara ya Krochmalna, pamoja na mwalimu Stefania Wilczyńska. Humo watoto walikuwa na korti yao na bunge lao. Mwaka wa 1926 akaanzisha gazeti lililoandikwa na watoto wenyewe. Pia aliandika hadithi ya mfalme mdogo Matt, anayejaribu kuwapa watoto sauti serikalini.

Kisha Wanazi wakavamia. Mwaka wa 1940, makao yalihamishwa kwa nguvu hadi geto la Warsaw. Usifikirie geto unayoijua ya mtaani. Hii ilizungushiwa ukuta, na kutoroka kungekugharimu maisha. Korczak, mzee na mgonjwa, alizunguka kila siku akiombaomba chakula cha watoto.

Marafiki walijitolea kumtorosha. Akakataa katakata. Agosti 1942 wanajeshi walipokuja kuwachukua watoto wapatao 200, yeye na Stefania walitembea nao hadi kwenye treni. Wote waliuawa kambini Treblinka.

Je, kazi yake ilizimika? La. Mwaka wa 1978 nchi yake ilipendekeza mkataba wa haki za watoto, Umoja wa Mataifa ukaupitisha 1989, na Kenya ikauridhia 1990. Mkataba huo unasema mtoto ana haki ya kusikilizwa.

Kwa hivyo mdogo wako akikuambia umemkosea, usimfokee anyamaze. Msikilize kwanza. Huenda kesi yake ina uzito.