Bibi Rosine Krapf na Kaburi la Pwani

Mwezi uliopita akina mama wa usharika mmoja hapa kwetu Singida walimzika mwenzao, ambaye walisoma naye katekisimu tangu utoto. Hata jioni mmoja wao akatujia, akauliza kama ni dhambi kumlilia rafiki aliyelala katika Kristo, maana mzee mmoja alikuwa amemkemea kwamba machozi mengi ni upungufu wa imani. Hatukumjibu kwa mafundisho mengi. Tulimsimulia habari za Bibi Rosine Krapf, na leo twapenda kuwasimulieni ninyi nyote, hasa ninyi waalimu wa vijijini mnaoitwa usiku penye misiba.

Jina la mumewe, Bwana Johann Ludwig Krapf, wengi walijua. Alikuwa Mlutheri wa Württemberg katika Ujerumani, akatumwa Afrika na chama cha misioni cha Waanglikana wa Uingereza, akawa wa kwanza kuanza kuifasiri Biblia katika Kiswahili. Jina la mkewe hutajwa kwa nadra, nasi twaona si haki.

Rosine Dietrich alikuwa binti wa mji wa Basel, katika nchi ya Uswisi. Kwanza aliposwa na mmisionari mwingine, mwenzake Krapf katika kazi. Lakini yule alifariki kabla hawajaoana. Krapf naye alikuwa amekaa miaka kadhaa peke yake katika ufalme wa Shoa, Uhabeshi. Akamwandikia Rosine kumposa, naye akakubali, akavuka bahari mpaka Misri. Wakaoana Iskanderia mwaka 1842. Basi nyumba yao ilianza juu ya msiba mmoja: mke alikuwa amefiwa na mchumba, na mume amefiwa na mwenzi wa kazi.

Walitaka kurudi Shoa, bali njia ilikuwa imefungwa kwao. Mwaka 1843 wakajaribu kuingia kwa upande wa Masawa, penye pwani ya Bahari ya Sham. Huko katika nyika ya Washoho, pasipo nyumba wala mkunga, Rosine akajifungua mtoto wa kike kabla ya siku zake. Mtoto akaishi kitambo kidogo tu. Baba yake akambatiza, akamwita Eneba, ndilo neno la Uhabeshi maana yake chozi. Wakamzika chini ya mti kando ya njia, na siku ya tatu mama yake akaondoka kuendelea na safari.

Fikirini, ndugu, jina hilo. Majina ya furaha hayakukosekana, nao walikuwa watu walioacha nchi yao kwa ajili ya Injili. Imani yao hatuwezi kuipima sisi. Lakini pale penye maji ya ubatizo hawakujifanya kana kwamba hawakuumia. Chozi lao walilitaja kwa jina lake mbele za Mungu.

Njia ya Uhabeshi ilipowashinda, mwezi wa Novemba mwaka ule wakashika bahari toka Adeni, wakafika Unguja mwanzo wa mwaka 1844. Sayidi Said akampokea Krapf vema, akampa barua ya kumjulisha kwa maliwali wake. Mwezi wa Mei wakakaa Mombasa. Tarehe 8 Juni Krapf akaanza kufasiri kitabu cha Mwanzo katika Kiswahili, akisaidiwa na Kadhi wa mji.

Kazi hiyo haikupata hata mwezi mzima, homa ikaingia nyumbani. Mwanzo wa Julai Krapf akaugua. Alipopata nafuu, mkewe akashikwa. Tarehe 6 akazaa binti. Kisha homa ikamrudia mume kwa nguvu, hata wote wawili wakalala wakingoja kufa, asijue yupi atamzika mwenziwe. Rosine hakuwa na dada wala rafiki wa kwao kando ya kitanda chake. Hata hivyo aliwaita waliokuwa wakimtumikia, akawaambia habari za Kristo aliye msaada katika saa ya kufa. Akawaombea jamaa zake, na misioni, na nchi hii ya mashariki, na Sayidi mwenyewe. Akafa tarehe 13 Julai 1844.

Alikuwa ametaka azikwe bara, ng'ambo ya kisiwa, katika nchi ya Wamijikenda, kusudi wapitao waone kaburi na kukumbuka kwa nini watu wa Kristo walikuja kwao. Akazikwa huko siku ya Jumapili. Krapf alikuwa angali hoi. Siku iliyofuata yule mtoto akafa, akalazwa kando ya mama yake.

Ndipo Krapf akawaandikia wakubwa wa chama chake kwamba sasa wana kaburi katika pwani ya Afrika ya Mashariki, na kwamba hiyo ni alama ya vita iliyoanza. Mwaka 1846 Johannes Rebmann akamfikia, wakajenga Rabai. Kwetu Iramba na Turu neno lilikuja baadaye sana, kwa njia nyingine, kwa Walutheri wa Leipzig na kisha, toka mwaka 1926, wa Augustana. Kaburi la Rosine liko mpaka leo upande wa Nyali.

Tulipokwisha kusimulia, yule mama akatuomba tumtajie tena jina la mtoto aliyezikwa chini ya mti. Tukasema, Eneba. Akalia, nasi hatukumzuia.