Peter Mark Roget na Hazina ya Visawe

Mwanafunzi wa lugha akwamapo katikati ya insha, mara nyingi wazo huwa analo ila neno limemtoroka. Kamusi ya kawaida haimfai wakati huo, kwa kuwa kamusi humtaka mtu aje na neno ndipo apewe maana. Yeye anayo maana, na neno ndilo analolitafuta. Tatizo hili lilitafutiwa dawa katika Kiingereza na Peter Mark Roget, tabibu wa London ambaye jina lake limekuwa karibu sawa na visawe vyenyewe. Makala haya yanasimulia maisha yake kwa muhtasari, kisha yanalitazama funzo ambalo watumiaji wengi wa kitabu chake hulisahau.

Roget alizaliwa tarehe 18 Januari 1779 mtaani Soho, jijini London. Babake, Jean Roget, alikuwa mchungaji mwenye asili ya Geneva aliyewahudumia Waprotestanti wa Kifaransa mjini humo. Mamake, Catherine, alikuwa dadake Samuel Romilly, wakili mashuhuri aliyepigania kupunguzwa kwa makosa yaliyoadhibiwa kwa kifo nchini Uingereza. Mwaka 1783 kifua kikuu kilimuua Jean, naye Peter akaachwa yatima wa baba akiwa na umri wa miaka minne. Tangu hapo mjomba Romilly akawa ndiye baba. Mamake alikuwa mtu wa wasiwasi mwingi, na uzeeni akili zake zilivurugika. Katika nyumba hiyo isiyotulia, mtoto alipata kimbilio katika orodha. Alikuwa na kijidaftari alimopanga maneno ya Kilatini na maana zake, vitu vya aina moja vikikaa pamoja.

Mwaka 1793 familia ilihamia Edinburgh, ambako Roget alijiunga na chuo kikuu akiwa na miaka 14. Mwaka 1798 alihitimu shahada ya udaktari, umri wake ukiwa miaka 19 tu. Mwaka 1802 aliajiriwa kuwaongoza wana wawili wa tajiri mmoja wa viwanda vya pamba vya Manchester katika ziara ya Ulaya. Walikuwa Geneva, mji uliokuwa chini ya Ufaransa wakati huo, amani kati ya mataifa hayo mawili ilipovunjika mwaka 1803 na Napoleon akaamuru Waingereza wakamatwe. Kilichomwokoa Roget ni ukoo: alithibitisha kwamba babake alikuwa mzaliwa wa Geneva, akapata njia ya kutoroka na vijana wake hadi Ujerumani.

Aliporejea nyumbani aliteuliwa daktari katika hospitali ya Manchester mwaka 1804. Mwaka uliofuata alikamilisha rasimu ya kwanza ya orodha yake ya visawe, yenye takriban maneno 15,000. Hakuichapisha. Aliiweka karibu na meza yake kama fundi awekavyo zana, akiitumia kila alipoandika mhadhara au makala. Ilikaa hivyo kwa muda wa miaka 47.

Miaka hiyo haikuwa ya uvivu. Alihamia London mwaka 1808, akafanya kazi ya udaktari na kufundisha. Mwaka 1814 alibuni rula ya kukokotolea iliyorahisisha hesabu za vipeo na vipeuo, na mwaka 1815 akachaguliwa kuwa mwanachama wa Shirika la Kifalme la wanasayansi wa Uingereza. Aidha, alichunguza jinsi jicho linavyodanganyika litazamapo gurudumu linalozunguka nyuma ya mianya. Tangu mwaka 1827 hadi 1848 alikuwa katibu wa Shirika hilo, na mwaka 1834 alichapisha kazi kubwa kuhusu fiziolojia ya wanyama na mimea.

Hata hivyo, msiba haukumpa nafasi. Mwaka 1818 mkewe Romilly alifariki, na siku chache baadaye mjomba mwenyewe, aliyekuwa akihudumiwa na Roget, akajitoa uhai. Aliyekuwa baba wa pili alimponyoka mikononi, na elimu yote ya udaktari isifae kitu. Mwaka 1824 Roget alimwoa Mary Hobson, wakajaaliwa watoto wawili; saratani ikamchukua Mary mwaka 1833. Si ajabu kwamba mtu aliyeona maisha yakivurugika mara kwa mara alivutwa na kazi ya kuvipa vitu mpangilio.

Alipostaafu mwaka 1848, akikaribia umri wa miaka 70, aliirudia rasimu yake ya ujanani. Miaka minne baadaye, mwaka 1852, kampuni ya Longman ilichapisha hazina yake ya maneno na misemo ya Kiingereza. Jina alilolichagua, 'Thesaurus', lina asili ya Kigiriki na maana yake ni hazina. Upekee wa kitabu ulikuwa katika mpangilio. Badala ya kufuata alfabeti, Roget aliigawa dunia nzima ya mawazo katika matabaka sita: uhusiano dhahania, nafasi, maada, akili, utashi na hisia. Chini yake yalikuwa mafungu 1,000, na mara nyingi fungu liliwekwa ubavuni mwa kinyume chake, wingi wa maneno ukitazamana na ukimya. Hakudai kuwa wa kwanza kupanga maneno kwa mawazo. Katika utangulizi wake aliitaja Amarakosha, kamusi ya kale ya Kisanskriti.

Hapa ndipo lilipo funzo letu. Roget alikusanya maneno bila kuyafafanua. Alichukulia kwamba msomaji anaijua lugha na anahitaji kukumbushwa tu. Ukilitazama fungu la ukimya katika matoleo ya zamani, utakuta neno 'costiveness' likikaa kwa amani pamoja na maneno ya kunyamaza. Neno hilo nadra lina maana mbili: ugumu wa kutoa maneno, na kufunga choo! Roget, akiwa tabibu, hangeweza kukosea. Mwanafunzi anayeliokota kwa sababu tu linapendeza, akamsifu nalo mzee mwenye hekima, atawachekesha wasomaji wake.

Nasi wa Kiswahili hatujaepukana na hatari hiyo. Tangu mwaka 1998 tunayo Kamusi ya Visawe ya Mohammed A. Mohamed na Said A. Mohamed, hazina ya kujivunia. Lakini mkimya, mtulivu, msiri na bubu, ingawa wote huenda wasiseme neno, si watu wa hali moja. Mkimya hasemi sana, mtulivu hana papara, msiri anaficha jambo, na bubu hawezi kusema. Anayewabadilisha kiholela kwa kukwepa takriri anawatendea visivyo wahusika wake. Vivyo hivyo, neno 'paa' huweza kuwa la nyumba, la mnyama wa mwituni au la kupanda angani, na muktadha pekee ndio utakaoamua. Visawe ni ndugu, na ndugu hufanana pasi na kuwa mtu mmoja.

Roget aliendelea kukinoa kitabu chake hadi mwisho, nacho kikachapishwa zaidi ya mara ishirini katika uhai wake. Alifariki tarehe 12 Septemba 1869 huko West Malvern, akiwa na miaka 90. Mwanawe, John Lewis Roget, alirithi kazi hiyo na kutoa toleo lenye faharasa pana mwaka 1879. Kisha mjukuu, Samuel Romilly Roget, aliyepewa jina la yule mjomba, akaiendeleza hadi katikati ya karne ya 20.

Mtu huyu alitumia takriban nusu karne kuyafahamu maneno yake kabla ya kuwakabidhi wengine. Sisi tunaoifungua hazina yake, au ile ya Kiswahili, kwa dakika moja usiku wa kuamkia siku ya kuwasilisha insha, tunadaiwa angalau sehemu ndogo ya subira hiyo: kulijua neno kabla ya kulituma kazini.