Narmer, Mfalme wa Kambare

Soma Mwanzo 10:6-14, Ezekieli 29:1-5.

Mwanzo 10 inaitaja Misri katika uzao wa Hamu, lakini haisemi nani alikuwa mfalme wake wa kwanza. Mihuri ya udongo iliyochimbuliwa Abydos, makaburi ya wafalme wa kale, inaanza na Narmer. Wanahistoria wengi hukadiria kwamba alitawala yapata 3100 K.K., ingawa tarehe za kale kiasi hicho si za kushikilia kwa nguvu. Jina lake liliandikwa kwa picha mbili, kambare na patasi.

Kwa mkazi wa bonde la Msimbazi, mafuriko ni kuhamisha magodoro na watoto usiku. Kwa Mmisri yalikuwa chakula. Kila mwaka Mto Nile ulipanda, ukashuka na kuacha tope jeusi, na humo watu wakapanda ngano na shayiri. Aliyetawala ghala za nafaka alitawala watu. Watawala wadogo wa kando ya mto walipigana kwa vizazi vingi, hadi Narmer, mtu wa kusini, alipoziweka kusini na kaskazini chini ya mkono mmoja.

Mwaka 1898 hivi, wachimbaji walipata Hierakonpolis kibao chake cha jiwe chenye urefu wa sentimita 64 hivi. Umbo lake ni la vibao vya kusagia wanja, kitu cha kawaida kabisa nyumbani. Upande mmoja Narmer amevaa taji jeupe la kusini, amemshika mateka kwa nywele na kuinua rungu. Nyuma yake mtumishi amebeba viatu vyake. Upande wa pili ana taji jekundu la kaskazini, na mbele yake wamelazwa watu kumi waliokatwa vichwa, vichwa vikiwa katikati ya miguu yao. Mfalme amechorwa mkubwa kuliko wote. Hakuna mkulima hata mmoja kwenye kibao hicho.

Vigae vyenye jina lake vimepatikana hadi Aradi, kusini mwa Kanaani, mji ule wa Hesabu 21:1. Biashara yake ilifika mbali.

Kaburi lake Abydos ni vyumba viwili tu vya matofali ya udongo. Aha, aliyemfuata, alizikwa pamoja na safu za makaburi ya vijana. Wachunguzi wengi wanaona kwamba waliuawa ili wakamtumikie huko aendako. Ufalme ulikuwa bado mchanga, na tayari mtu wa ikulu hakuwa na uhakika wa kuishi baada ya bwana wake. Karne nyingi baadaye, Ezekieli anamwonyesha Farao akidai kwamba mto ni mali yake, naye aliufanya.

Jadilini kikundini: Waisraeli waliishi miaka mingi chini ya wafalme wa namna hii. Walipomwomba Samweli mfalme (1 Samweli 8), walikuwa wamesahau nini?