Bibi Salme na Nguo za Kwao

Ndugu msomaji, picha hii bila shaka umeiona. Imo vitabuni, na ukitembea Mji Mkongwe kule Unguja hutaikosa. Mwanamke kijana amevaa kanzu na suruali ya marinda, kichwani kitambaa, shingoni vito. Tukiitazama tunasema: huyo ni binti mfalme, yuko kwao, enzi za masultani.

Hakuwa kwao. Picha ilipigwa Hamburg, Ujerumani, mwaka 1868 hivi. Aliyevaa nguo zile alikuwa ameshabatizwa na kuitwa Emily Ruete. Tazama uso wake, uko wazi. Unguja, bibi wa cheo chake hakusimama mbele ya mwanamume asiye maharimu wake bila barakoa.

Sayyida Salme alizaliwa Mtoni mwaka 1844. Baba yake ni Sayyid Said bin Sultan, yuleyule aliyewatoa Mazrui madarakani Mombasa mwaka 1837. Mama yake, Jilfidan, alikuwa suria wa Kisirkasi. Mabinti wa jumba walifundishwa kusoma Qur'ani, si kuandika. Salme alijifunza kuandika kwa siri, akinakili aya juu ya mfupa wa bega la ngamia.

Kalamu hiyo ndiyo iliyomponza. Baba alifariki mwaka 1856, na kiti kikaenda kwa Majid. Mwaka 1859 Barghash alitaka kumpindua nduguye, na Salme, msichana wa miaka 15, ndiye aliyewaandikia barua waasi. Waingereza wakamsaidia Majid, Barghash akapelekwa Bombay. Majid alimsamehe dada yake, lakini kwa ndugu wengine akabaki mpweke.

Jirani yake mjini alikuwa mfanyabiashara Mjerumani, Heinrich Ruete. Akashika mimba yake. Mwaka 1866 aliondoka usiku kwa manowari ya Kiingereza hadi Aden, na mwaka uliofuata akabatizwa na kuolewa siku moja. Hamburg hakukaa na mume muda mrefu. Mwaka 1870 Ruete aligongwa na tramu akafa, akamwachia watoto watatu wadogo.

Mwaka huohuo Barghash akawa sultani. Salme alimfuata London mwaka 1875, asionane naye. Mwaka 1885 alirudi Unguja na meli za Wajerumani, wakati Bismarck akimbana Barghash juu ya ardhi za bara. Madai yake ya mirathi yakawa fimbo ya Wajerumani. Walipopata walichotaka, wakamsahau. Barghash hakumpokea.

Sisi watu wa mwambao tuna midomo miwili juu ya bibi huyu. Mmoja unamlaani, mwingine unamuuza kwa watalii kama hadithi ya mapenzi. Yote miwili inakwepa jambo gumu. Katika mirathi, sheria iko wazi: aliyetoka katika Uislamu harithi Muislamu, na hapo Barghash alikuwa na hoja. Lakini kuunga udugu ni jambo jingine, na dini yetu haikutuamuru kumkata jamaa kwa kuwa si wa imani yetu. Mlango wa mirathi ukifungwa, wa salamu haujafungwa.

Nasema haya kwa sababu akina Salme wako majumbani mwetu. Yuko binti aliyeolewa Ulaya, na jina lake halitajwi tena barazani. Picha yake imeondolewa ukutani, na mama yake humlilia chumbani peke yake.

Salme alifia Jena, Ujerumani, tarehe 29 Februari 1924, akiwa na miaka 79. Kaburi lake liko Hamburg. Inasimuliwa kuwa alizikwa na mchanga wa Unguja, aliokuwa ameuhifadhi miaka yote. Mtu wa namna hiyo hakuwa amesahau kwao. Kwao ndiko kulikomsahau.